Mgonjwa akizidiwa kusiko na mtandao, utafanyaje?

Shule zinapofungwa na sikukuu zinapokaribia, barabara ya Chalinze kwenda Segera hujaa magari. Familia zinatoka Dar es Salaam kwenda kuwasalimia wazee. Wengine hushukia Mkata au Kabuku na kuingia ndani ya Handeni. Wengine huendelea hadi Korogwe, kisha wakaelekea Magoma na Mashewa, au wakapanda Bungu na Vugiri. Mabegi yamejaa zawadi, watoto wamevaa nguo mpya, na simu zimejazwa bando. Kwa wengi wetu, hilo bando ndilo maandalizi yote ya dharura. Tunajiambia, "Kukitokea lolote, tutapiga simu."

Leo nataka tuzungumze juu ya usiku ambao simu hiyo haitapigika. Mtoto amechemka tangu jioni, saa nane ya usiku anaanza kurusha mikono na miguu, unachukua simu na juu ya kioo hakuna hata mstari mmoja wa mtandao. Au mtandao upo, lakini kila namba unayobonyeza unajibiwa kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Utafanya nini katika dakika hizo?

Siwaandikii wageni peke yao. Hata wewe unayeishi Kwamsisi au Sindeni mwaka mzima, mwenye mimba ya miezi minane au mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, swali hili ni lako zaidi kuliko la mgeni.

Simu imetusaidia sana

Kwanza niweke jambo moja wazi: siipingi simu. Katika kazi yangu nimeona watu wanaotembea leo kwa sababu mtu fulani alipiga simu kwa wakati.

Mfano mzuri ni mfumo wa m-mama. Ulianza kama majaribio Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 Serikali ikatangaza kuupeleka nchi nzima. Mama mjamzito, aliyejifungua karibuni, au mtoto mchanga akipata dharura, ndugu au mhudumu wa zahanati anapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza maswali ya kitaalamu, anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na kama halipo anamwita dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa na kufundishwa kwa kazi hiyo. Dereva analipwa kwa njia ya simu na familia haitozwi nauli.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, hospitali ya CCBRT ilianza kutuma nauli kwa simu kwa wanawake wenye fistula walioko vijijini, ili waweze kufika Dar es Salaam kutibiwa. Wengi walikuwa wamekaa na ugonjwa huo miaka mingi kwa sababu ya kukosa nauli.

Kwa hiyo simu ni rafiki. Hoja yangu ni kwamba simu inaita msaada, haiwezi kuwa mpango. Mpango ni yale mliyokubaliana mkiwa mmetulia, kabla mgonjwa hajazidiwa. Penye mpango, simu hufupisha njia. Pasipo na mpango, simu yenyewe inaweza kuwa sababu ya kuchelewa.

Namna simu inavyochelewesha

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza vifo vya wajawazito kwa njia ambayo hadi leo tunawafundisha wanafunzi wa udaktari. Walisema kuna ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwamba huyu mtu aende hospitali. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Tunadhani simu inapunguza huo wa pili, na ni kweli mara nyingi inaupunguza. Lakini angalia inavyoweza kuongeza ule wa kwanza. Mama mkwe anasema tusiondoke mpaka tumpigie baba wa mtoto aliyeko Dar es Salaam. Baba hapatikani. Tunasubiri awashe simu. Akipatikana anasema ngoja nimpigie daktari ninayemfahamu. Daktari yuko chumba cha upasuaji. Kila mmoja anaamini kwamba jambo linashughulikiwa, na mgonjwa bado yuko kitandani palepale.

Nakumbuka mtoto mmoja wa miaka mitatu aliyeletwa wodini na baba yake kutoka kijiji cha ndani. Alikuwa na malaria kali, amepoteza fahamu, na sukari yake imeshuka sana. Baba alieleza kwamba mtoto alianza kuishiwa nguvu alfajiri. Yeye akapanda mlima kutafuta mtandao ampigie shemeji yake mwenye gari. Alikaa kule juu karibu saa tatu, akipiga, akishuka kumwangalia mtoto, akipanda tena. "Daktari, nilikuwa nasubiri gari," aliniambia. Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa bodaboda, na jirani yake alikuwa na bodaboda.

Mtoto yule alipona baada ya siku nyingi wodini. Baba yake alikuwa mtu makini anayempenda mwanawe, na alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Alichokikosa ni mtu wa kumwambia mapema kwamba mgonjwa ndiye anayetakiwa kusogea kwenye huduma, wakati mwingine yeyote anaweza kwenda kutafuta mtandao.

Saa tatu si kitu kidogo. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hata kama alikuwa mzima kabisa, anaweza kufariki ndani ya saa mbili asipopata msaada. Malaria kali kwa mtoto mdogo inaweza kumtoa kwenye homa ya kawaida hadi kupoteza fahamu ndani ya siku moja.

Kwa nini mtandao unakosekana

Watu wengi hulaumu salio au simu mbovu. Ukielewa sababu halisi utajua pia la kufanya.

Simu huzungumza na mnara kwa mawimbi, na mawimbi hayo hayapiti ndani ya mlima. Korogwe ina Milima ya Usambara na mabonde yake, likiwemo Bonde la Lwengera linalotenganisha Usambara Mashariki na Magharibi. Unaweza kuwa na mtandao mzuri ukiwa ukingoni mwa mlima, ukashuka hatua mia mbili bondeni ukaupoteza wote. Handeni kuna tambarare zaidi, lakini vijiji viko mbalimbali. Hata kwenye tambarare, simu ya kawaida ya 2G haiwezi kuwasiliana na mnara ulio zaidi ya kilomita 35 hivi, na vichaka, mabonde na kuta hupunguza umbali huo.

Mnara nao unahitaji umeme. Umeme ukikatika, unategemea betri, jua au jenereta, na hivyo vikiisha mnara unalala. Hali hiyo huja zaidi wakati wa mvua kubwa na upepo, yaani siku zilezile ambazo barabara nazo huharibika. Wakazi wa Tanga wanakumbuka mvua za Oktoba 2019 zilizovunja barabara na madaraja Handeni, Korogwe na wilaya jirani. Siku kama hizo mtandao na barabara vinaweza kukosekana pamoja.

Hali inaboreka. Mwaka 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini. Lakini usipange safari ya mgonjwa kwa kutegemea mnara ambao hujauona ukifanya kazi. Na elewa hili: penye ukosefu wa mnara wa kampuni yoyote, hakuna namba ya dharura itakayoita, hata ile isiyo na malipo.

Sababu ya mwisho ni betri. Simu ikiwa mahali pasipo na mtandao huutafuta muda wote kwa nguvu kubwa, na chaji huisha haraka kuliko ulivyozoea mjini. Ndiyo maana mtu anaondoka Korogwe mjini na chaji nusu, akifika ndani kabisa simu imezima.

Fanya haya kabla hujaondoka

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji nusu saa ya kukaa chini.

Andika kwenye karatasi. Chukua daftari la shule, kata ukurasa, andika namba tano: ya mtu wa nyumbani, ya zahanati au mhudumu wa afya wa kijiji uendako, ya mwenye bodaboda wa kijiji hicho, ya mwenye gari, na ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Ongeza 115 kwa dharura za uzazi na watoto wachanga, 112 ya polisi, na 199 ya Wizara ya Afya kwa ushauri. Siku hizi hatukariri namba hata ya mume. Simu ikizima, au ikiwa imefungwa kwa namba ya siri na mwenyewe kapoteza fahamu, majina yote yaliyomo hayana faida.

Upande wa pili wa karatasi andika habari za mgonjwa: jina, umri, ugonjwa alionao, dawa anazotumia na vipimo vyake, dawa zinazomdhuru, kundi la damu kama linajulikana. Karatasi hii ikae pamoja na kadi ya kliniki na kadi ya bima kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Nimepokea wagonjwa waliosema taarifa zao zote "zipo kwenye simu", na simu imezima. Daktari wa zamu usiku hawezi kukisia kama kidonge cheupe ulichomeza kilikuwa cha presha au cha kifafa.

Beba fedha taslimu. Pesa iliyo ndani ya simu inahitaji mtandao ili itoke, na wakala usiku amelala. Tenga nauli ya bodaboda na gari hadi hospitali, uifunge peke yake, usiiguse kwa ajili ya soda na vocha. Wahenga walisema akiba haiozi.

Beba dawa za kutosha siku zote za safari, na za siku kadhaa zaidi. Mwenye kisukari, presha, pumu, kifafa, selimundu au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi asitegemee kuzipata njiani. Dawa zikae kwenye begi la mkononi. Begi kubwa linafungwa juu ya gari, linalowa, au linashushwa kituo kingine.

Tunza chaji. Ondoka na simu iliyojaa, na pawabenki ukiweza. Ukiingia eneo lisilo na mtandao, izime au iweke katika hali ya ndege, uiwashe kwa saa maalumu. Simu ndogo ya kitochi inayokaa na chaji siku kadhaa inafaa kuwa ya akiba. Kama mna simu mbili, wekeni laini za kampuni tofauti, kwa sababu mahali kampuni moja haipo nyingine inaweza kuwepo.

Kama unategemea ramani ya kwenye simu, ipakue ukiwa bado mjini. Simu inaweza kujua ulipo kwa kutumia satelaiti hata pasipo na mtandao, lakini kama ramani haikupakuliwa utaona kidoa tu juu ya karatasi tupu.

Mwisho, kubalianeni saa. Mwambie mtu wa nyumbani: "Tutafika Magoma saa kumi. Nisipokupigia hadi saa moja usiku, mpigie mjomba. Mjomba asipopatikana, mpigie mtendaji." Bila makubaliano hayo, kimya chako hakimwambii mtu chochote. Wa nyumbani atasema "labda hakuna mtandao" akalala, kumbe wewe umelala mtaroni na pikipiki.

Ukifika, uliza maswali manne

Mgeni akifika kijijini huuliza chakula, mahali pa kulala na mahali penye mtandao. Ongeza haya manne, na uyaulize siku ileile ya kwanza.

Zahanati iko wapi, na mhudumu wake anaishi wapi usiku? Nani ana chombo cha usafiri kinachowaka, na yuko tayari kuamshwa? Mvua ikinyesha, njia ipi haipitiki? Mtandao unashika wapi hasa: chini ya mwembe upi, juu ya kichuguu kipi, na wa kampuni gani?

Jambo hilo la mwisho wenyeji wanalijua vizuri. Karibu kila kijiji kina mahali pake pa kupigia simu. Mahali hapo pajulikane kwa kila mtu mzima wa nyumba, na pawepo njia ya kupafikia usiku bila kuhatarisha maisha.

Jua pia hospitali unayoelekea. Ukiwa Handeni, ipo hospitali ya Handeni mjini na ile ya Mtakatifu Francis, Kwamkono. Ukiwa Korogwe, ipo Magunga. Kutoka Handeni mjini hadi Korogwe ni kilomita 65 hivi za lami, lakini kilomita 20 za njia ya udongo kutoka kijijini hadi kwenye lami zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko hizo 65. Hesabu muda kwa saa, usihesabu kwa kilomita.

Mjamzito: usisubiri kupima mtandao kwa uchungu

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 81 katika kila 100 nchini walijifungulia kwenye vituo vya huduma za afya, kutoka 63 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016. Katika kipindi hicho vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000. Ni hatua kubwa. Wanaobaki nyuma ni wale walio mbali, na pengine wewe ni mmoja wao.

Kama mimba yako ina hatari yoyote, kwa mfano ulishafanyiwa upasuaji, una mapacha, presha imepanda, au uzazi uliopita ulitokwa na damu nyingi, usingoje uchungu nyumbani mahali pasipo na mtandao. Sogea. Kaa kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla ya tarehe uliyopewa. Baba, hilo ni jukumu lako kulipanga na mkunga mapema, mkeo asilibebe peke yake.

Dalili hizi hazingoji: damu kutoka ukeni, degedege, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, homa kali, chupa kupasuka, mtoto kupunguza kucheza tumboni, uchungu unaozidi saa 12. Ukiona moja, piga 115. Taja kijiji, kitongoji, alama inayoonekana kama shule, msikiti, kanisa au kisima, hali ya mama, na hali ya barabara. Sema ukweli kama daraja limejaa maji, ili dereva apitie njia nyingine. Namba haipatikani? Msisubiri. Mama aanze safari kwenda zahanati kwa chombo kilichopo, na mtu mwingine aende penye mtandao kupiga.

Kumbuka kwamba 115 imetengenezwa kwa ajili ya mama na mtoto mchanga. Mtoto wa miaka mitano aliyezidiwa, babu mwenye kiharusi au kijana aliyeumwa na nyoka anahitaji mpango wenu wenyewe wa usafiri. Ndiyo maana nimesisitiza ile karatasi.

Mtandao hakuna na mgonjwa amezidiwa

Hapa ndipo nakuomba usome taratibu, na umsomee mwenzako.

Gawaneni kazi mara moja. Wawili wanaondoka na mgonjwa kuelekea huduma. Mmoja anakwenda mahali penye mtandao akiwa na ile karatasi. Mmoja anabaki na watoto. Asiwepo hata mmoja anayezunguka nyumba ameinua simu juu.

Anayekwenda penye mtandao atume na ujumbe mfupi. Ujumbe wa maandishi hupita hata pale ambapo sauti inakatikakatika, na ukikwama unaweza kutoka baadaye simu ikishika mtandao kidogo. Aandike kwa ukamilifu: "Mtoto wa Zaina, miaka 3, degedege, tunakwenda zahanati kwa bodaboda, tumeondoka saa 8:40 usiku. Tafuta gari litupokee hapo." Ujumbe unaosema "nipigie haraka" haumsaidii mtu ambaye hatakupata.

Mtoto wa chini ya miaka mitano akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akiwa mgumu kuamshwa, ni wa kuondoka naye sasa hivi. Vilevile akipumua haraka sana au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi. Mwenye degedege mlaze ubavu, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu mpaka azinduke. Zahanati zina uwezo wa kumpa dawa ya kuanzia kabla ya rufaa. Kwa malaria kali ipo artesunate inayowekwa njia ya haja kubwa kwa mtoto mdogo. Utafiti uliofanyika Ghana, Tanzania na Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa watoto waliokuwa mbali na huduma kwa saa nyingi, dawa hiyo ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa karibu nusu. Lakini ni dawa ya kuanzia tu. Ukishaipata, safari ya hospitali inaendelea palepale, hata kama mtoto ameonekana kuchangamka.

Anayeharisha na bado anaweza kunywa, mpe maji ya chumvi na sukari njia nzima. Kama huna pakiti ya dukani, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Anayetokwa na damu kwenye jeraha, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia, hadi mfike.

Aliyeumwa na nyoka, mtulize, asitembee wala kukimbia. Vua pete, bangili na kiatu kabla hajavimba. Funga mguu au mkono kwenye ubao ili usicheze. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Usimfukuze nyoka ili umpige picha, kwa sababu tunamtibu mgonjwa kwa dalili zake, na picha hiyo inaweza kumgharimu mtu wa pili. Kwa kawaida mimi huwakataza watu kupanda mshikaki, lakini huyu akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika asianguke, mwende polepole.

Usimgeuze daktari kuwa ujumbe wa simu

Nimalizie na tabia inayokua. Napokea picha za vipele, sauti za kikohozi, na maswali ya "Daktari, nimpe dawa gani?" kutoka kwa watu walio mbali sana. Sikasiriki, naelewa. Kwa jambo dogo, au kufuatilia mgonjwa ninayemfahamu, simu inafaa. Lakini kwa njia ya simu siwezi kusikiliza mapafu, siwezi kupima malaria, siwezi kuona kama utando wa jicho umepauka. Nikikuambia "mpeleke zahanati", hilo ndilo tibabu lenyewe. Usilichukue kama jibu la kukwepa ukaenda kumtafuta daktari wa pili kwenye simu akupe jina la dawa.

Nawe mzee wa nyumba, baba au mama mkwe, naomba utoe ruhusa mapema. Mwambie mkwe wako leo, mkiwa mnakula: "Mtoto akizidiwa na mimi sipatikani, usiningoje. Ondoka naye, nitakukuta huko." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa saa tatu ambazo hakuna daktari anayeweza kuzirudisha.

Jioni hii, kabla hujaweka simu kwenye chaji, chukua karatasi na kalamu. Andika namba tano upande mmoja, na habari za mgonjwa upande wa pili. Soma kwa sauti ili kila mtu mzima wa nyumba asikie, kisha iweke ndani ya kadi ya kliniki. Safari njema, na mfike salama.